Kalamu Ndani ya Soketi

Mgeni kafika gesti usiku. Simu imebakiza chaji asilimia tatu, chaja yake ina miguu miwili, na soketi ya ukutani ina matundu matatu. Hahangaiki. Anatoa kalamu mfukoni, anaidunga katika tundu la juu, anabonyeza mpaka isikike "tak", kisha anaisukuma chaja katika matundu mawili ya chini. Simu inalia kidogo kuonyesha kwamba chaji inaingia, naye analala. Kalamu ikikosekana, njiti ya kiberiti inatosha. Na wapo majasiri wanaotumia ncha ya ufunguo. Kuanzia Mombasa hadi Mbeya, ujanja huu hata mtoto wa darasa la pili anaujua.

Kilicholia "tak" ni kizibo cha plastiki chenye kazi moja tu: kuziba njia ya umeme mpaka ije plagi inayostahili, yenye mguu mrefu wa kukifungua. Waliokipendekeza walikaa vikao London wakati Vita Kuu ya Pili ikiendelea. Mgeni wa gesti hawajui, wala hana sababu ya kuwajua. Lakini magazeti yanapoandika kwamba nyumba imeteketea na chanzo "kinadaiwa kuwa ni hitilafu ya umeme", maneno hayo huwa yamefunika historia ndefu: nani alitandaza waya gani, kwa sababu ipi, na nani baadaye akapata njia ya kuukwepa. Hitilafu ya umeme haianguki kutoka mbinguni. Unaoanguka kutoka mbinguni ni umeme mwingine, ingawa jina ni moja.

Wakenya walikwepa utata huo wa jina mapema. Wao husema stima, neno lililotoka kwenye mashine za mvuke na kubaki midomoni hata baada ya mvuke wenyewe kusahaulika.

Kwa mujibu wa historia ambayo Kenya Power huisimulia kuhusu asili yake, mwaka 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipata jenereta la kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka huo una walakini. Ndio mwaka ambao Barghash alizuru Uingereza, na balbu za Swan na Edison zilikuwa bado miaka mitatu minne mbele. Ama taa zake zilikuwa zile za kale za cheche kali kati ya vijiti viwili vya kaboni, ama tarehe imetangulizwa. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni safari ya baadaye ya mashine hiyo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, na kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya kuiuzia Nairobi umeme, na Wajerumani wakawasha taa za kwanza za umma Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao wenyewe.

Wageni hao walileta jenereta, na pamoja nalo wakaleta mazoea yao ya kutandaza waya. Mazoea hayo yalikuwa machanga mno. Miaka thelathini tu kabla ya hapo, matajiri wa Uingereza walikuwa wakifanyia majaribio nyumba zao wenyewe. Katika jumba la Cragside, kaskazini mwa Uingereza, mwenye mali William Armstrong alikuwa na taa zilizosimama juu ya vyombo vya shaba. Umeme ulipita katika chombo chenyewe, na kitako chake kilikaa ndani ya kikombe cha zebaki. Alipotaka kuzima taa alikinyanyua chombo. Leo fundi yeyote angekimbia chumba hicho.

Jumba la Hatfield lilikuwa na hatari zaidi. Huko Lord Salisbury alitandaza nyaya tupu, zisizovikwa kitu, kwenye dari ya ukumbi mrefu. Familia yake ilisimulia kwamba nyaya zilipoanza kuwaka juu ya vichwa vyao wakati wa mazungumzo, walirusha matakia kuuzima moto, kisha wakaendelea kuzungumza. Utulivu huo ulikuwa wa walio ndani. Nje, mwaka 1881, mtumishi mmoja wa bustani ya jumba hilo alishika waya uliotoka kwenye jenereta akafa papo hapo. Salisbury huyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na tena Agosti 1896, manowari zilipolipiga kasri la sultani kwa mizinga.

Kanuni hazikuletwa na huruma. Zililetwa na bima. Kampuni za bima ya moto ziliona majumba ya wateja wao yanajazwa nyaya na watu waliojifunza kazi juzi, na mwaka 1882 chama cha wahandisi wa umeme cha London kikatoa kanuni zake za kwanza. Jina lenyewe lilitaja kilichohofiwa: zilikuwa kanuni za kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Kanuni hizo, zikirekebishwa toleo baada ya toleo, ndizo mama wa zile ambazo mafundi wa Kenya, Uganda na Tanzania walifundishwa baadaye.

Ili waya usiwe tupu ilibidi uvikwe, na vazi lilikuwa mpira. Hapa historia ya nyumba za matajiri inakutana na ya msitu wa Kongo, maana matairi, na pamoja nayo nyaya za simu na za umeme, ndiyo yaliyoifanya Ulaya iwe na njaa ya mpira wakati Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipokuwa akiwakamua watu wa huko, kati ya 1885 na 1908. Waya uliovikwa mpira na uzi wa pamba ulipitishwa ndani ya mifereji ya mbao yenye vifuniko, ikapigiliwa ukutani. Kwa nyumba kavu ya Ulaya ilifaa. Kwa nyumba ya pwani, yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazonywa unyevu, yenye dari ya boriti, na yenye mchwa, mtu hahitaji uhandisi kuona tatizo. Mpira nao huzeeka: hukauka, hupasuka kama kisigino, na fundi akiupinda waya wa enzi hizo vazi lake linamwagika kama pumba.

Soketi za wakati huo zilikuwa na pini za mviringo, na kila ukubwa ulikuwa na kazi yake: ampea 2 kwa taa ya mezani, 5 kwa vyombo vidogo, 15 kwa jiko au hita. Plagi ya moja haikuingia katika nyingine. Watu waliokulia katika nyumba za serikali za zamani wanazikumbuka zile nene za 15, na Tanzania hadi leo huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye pini za mviringo na za bapa kwa pamoja.

Ndipo vikafika vikao vya London. Mwaka 1942 serikali ya Uingereza, ikijua kwamba vita vikiisha italazimika kujenga upya miji iliyobomolewa, iliunda kamati ya kutazama waya wa nyumbani. Walikuwa watu ishirini, na mwanamke alikuwa mmoja tu: Caroline Haslett, mkurugenzi wa jumuiya ya wanawake iliyoshughulika na umeme majumbani. Wahandisi walijua nyaya. Haslett alijua nani anayeshinda na soketi mchana kutwa, na nani anayetambaa sakafuni akitafuta tundu la kutia kidole. Kizibo kinachofunguliwa na mguu mrefu wa plagi kilitokana na hoja ya watoto hao. Ripoti ilitoka mwaka 1944, na mwaka 1947 plagi ya pini tatu za bapa ikawa kiwango rasmi, BS 1363. Ndiyo hii iliyo nyuma ya friji.

Pamoja na plagi, kamati ilipendekeza jambo ambalo sehemu kubwa ya dunia ilikataa kuliiga, na hadi leo mafundi wa Ujerumani au Marekani huliona la ajabu. Badala ya kuvuta waya mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi kwa kila kundi la soketi chache, waya mmoja unatoka kwenye boksi, unapita soketi moja hadi nyingine kuizunguka nyumba, kisha unarudi palepale ulipoanzia. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, kwa hiyo waya mwembamba unafanya kazi ya mnene. Sababu kubwa ilikuwa ufukara. Shaba ilikuwa adimu baada ya vita, na duara hilo liliipunguza.

Lakini duara lina masharti. Linalindwa na fyuzi moja ya ampea 30, ambayo ni kubwa mno kuulinda uzi mwembamba wa taa ya mezani. Basi kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo ndani ya tumbo lake, ya 3 au 13. Bila hiyo, hesabu yote inaharibika. Sharti la pili ni kwamba duara libaki duara. Likikatika mahali, labda panya kautafuna waya au fundi kaongeza soketi akasahau kufunga upande mmoja, hakuna kinachozimika. Soketi zote zinaendelea kufanya kazi, ila sasa zinalishwa kutoka upande mmoja. Waya wenye uwezo wa ampea ishirini na kitu unaweza kubebeshwa thelathini ndani ya ukuta, na fyuzi ya 30 inaona kila kitu kiko sawa.

Mfumo huu uliostaajabisha wengine ndio uliorithiwa Afrika Mashariki. Soketi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikafuata za London, na baada ya uhuru hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzing'oa. Ugumu ulianza pale bidhaa zilipoacha kutoka London. Redio, pasi, televisheni na baadaye simu ziliingia kutoka Dubai, Japani na China, nyingi zikiwa na miguu miwili ya mviringo iliyotengenezewa soketi za Ulaya bara, ambako fyuzi haikai ndani ya plagi. Nyumba inadai plagi yenye fyuzi. Chombo kimekuja bila plagi hiyo. Kati ya viwili hivyo ikaingia kalamu.

Haifai kumcheka mwenye kalamu. Alikuwa na simu, alikuwa na soketi, na adapta haikuwapo dukani au ilikuwa na bei ya kula kwa siku mbili. Ila kinachotendeka baada ya "tak" kinastahili kutazamwa. Mguu wa mviringo wenye unene wa milimita 4 unashikwa na taya za shaba zilizokatwa kwa ajili ya pini bapa. Unalegea. Panapolegea pana cheche ndogo zisizoonekana, penye cheche pana joto, na joto hulegeza zaidi. Mwezi baada ya mwezi taya zinapanuka, hata siku plagi halisi ya pasi inapoingia inakuta hakuna wa kuishika. Lile doa la kahawia kwenye uso mweupe wa soketi, ambalo wengi hulidhani uchafu, ni plastiki iliyokwisha anza kuungua. Kwa chaja ya simu hatari ni ndogo, maana haivuti kitu. Lakini kalamu ileile inafungulia hita ya kuchemshia maji ya kuoga, na uzi wake mwembamba unakaa mbele ya fyuzi ya 30 bila mlinzi wa kati.

Mlinzi huyo naye ana adui zake. Fyuzi ya plagi ikiungua, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inavingirishwa mahali pake. Fyuzi ya ukutani ikiungua, unafungwa uzi wa shaba uliochunwa kwenye waya wa zamani, na ili usiungue tena unafungwa mara tatu. Wamarekani walikuwa na dawa yao: sarafu ya senti moja chini ya fyuzi ya kuskurubu. Ujanja huu umebuniwa na watu wasiowahi kuonana, kila mahali ambapo fyuzi inaonekana ni kero badala ya habari. Fyuzi iliyoungua mara mbili inasema kitu kuhusu waya wa ndani ya ukuta. Karatasi ya sigara inaifunga mdomo.

Wamarekani hao walikuwa na somo jingine, na mizizi yake haiko mbali na kwetu. Shaba ya dunia ilitegemea sana ukanda mmoja wa Afrika ya kati: Zambia na Katanga, jimbo la Kongo ambalo Mobutu alilibatiza jina la Kiswahili, Shaba, kuanzia 1971. Katanga ilijitenga na kupigana kati ya 1960 na 1963. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya shaba ya Zambia kwenda kusini ikawa matatani. Ndipo ikapata nguvu fikra ya reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi bandari ya Dar es Salaam, iliyokamilika 1975. Katikati ya miaka hiyo, huku vita vya Vietnam navyo vikila shaba, bei ilipanda, na wajenzi wa Marekani wakakimbilia alumini. Kati ya 1965 na 1973 nyumba zipatazo milioni mbili zilitandazwa nyaya za alumini.

Kwenye karatasi alumini ilitosha. Ilihitaji tu unene zaidi. Kosa lilikuwa kwenye skurubu. Alumini hutanuka na kusinyaa kuliko shaba, huteleza polepole ikibanwa, na juu yake hufanya utando usiopitisha umeme. Kiungo kilichokazwa vizuri leo kimelegea baada ya miaka mitano. Aprili 1974 nyumba moja ya Hampton Bays, jimbo la New York, iliungua na kuua watu wawili, na uchunguzi ukaelekea kwenye kiungo cha alumini ndani ya soketi. Utafiti uliofanywa baadaye kwa ajili ya serikali ulikadiria kwamba viungo katika nyumba hizo vilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi wa kufikia hali ya kuwasha moto, kuliko vya nyumba za shaba.

Nyaya za aina hiyo zinauzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki, ila zimevaa kanzu. Ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba, imeviringishwa katika roli lenye maandishi ya kuvutia na bei ya kuvutia zaidi. Mafundi huzijua kwa uzito: roli ni jepesi mkononi kuliko linavyopaswa. Ukikwangua ncha kwa kisu, chini ya wekundu kuna weupe. Mmarekani wa 1968 angalau alijua alichonunua.

Na nani huzifunga? Watanzania wana neno lake, kishoka. Ni yule anayejitambulisha kama fundi au hata mtumishi wa shirika, anayekuja haraka na kwa bei nafuu, na ambaye ukimtafuta baada ya moto simu haipatikani. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kuna sambaza: waya uliopachikwa kwenye nguzo usiku, ukapita juu ya mabati ya majirani kumi, kila mmoja akilipa kwa mwezi. Waya wa sambaza hauna mita, na pasipo mita hapana boksi, pasipo boksi hapana kinachokata. Bati likipauka na waya ukichubuka, ukuta mzima wa nyumba unakuwa na umeme. Ni rahisi kuwaita wote wezi. Lakini kwa miongo mingi mitaa hiyo haikuwa na njia halali ya kuunganishwa, na mwenye kuuza sambaza alikuwa mtu pekee aliyebisha hodi.

Vijijini kikwazo kilikuwa kingine. Wakala wa Nishati Vijijini wa Tanzania, REA, ulipopeleka nguzo, ada ya kuunganishwa ilishushwa hadi shilingi 27,000. Ila nyaya za ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na gharama yake ilizidi ada hiyo mara nyingi. Hapo kishoka hupata kazi. Jibu lilikuwa kifaa kiitwacho UMETA, kifupi cha Umeme Tayari: kisanduku kimoja kinachofungwa ukutani, ndani yake kuna saketi breka, soketi na mahali pa kuunganishia taa, kwa nyumba ndogo isiyo na haja ya mtandao wa nyaya. Wazo hilo ni la kifukara kama lile la duara la London, na kwa nyumba ya vyumba viwili lina akili zaidi.

Kitu kimoja kilichobuniwa barani humu kingeokoa wengi kuliko vyote hivyo. Katika miaka ya 1950 mhandisi wa Afrika Kusini, Henri Rubin, alitengeneza kwa ajili ya migodi ya dhahabu kifaa kinachopima umeme unaokwenda na unaorudi. Vikitofautiana, maana yake umeme umepata njia nyingine, huenda kupitia mwili wa mtu, nacho hukata. Cha nyumbani hukata kwenye tofauti ya miliampea 30, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mahali pake hasa ni nyuma ya zile shawa za umeme zilizobuniwa Brazili na kuenea sana Kenya, zinazochemsha maji juu ya kichwa cha mwogaji. Mara nyingi waya wa ethi wa shawa hizo hukatwa kwa kuwa "unasumbua". Watu huoga wakiwa wamevaa ndala za mpira, wakizoea mchomo mdogo wanapogusa bomba, kana kwamba ni tabia ya bomba.

Leo jioni, msomaji, tembelea soketi za nyumba yako. Tafuta doa la kahawia. Nusa harufu ya plastiki. Weka kiganja karibu na plagi ya friji na ya pasi uone kama ina joto. Ukikuta kimojawapo, zima mein swichi kwanza, kisha mwite fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa aliye Tanzania bara, ya EPRA kwa aliye Kenya, na mwambie akuonyeshe leseni hiyo kabla hajafungua mkoba wa vifaa vyake.